Dodoma nayo ipangiwe safari yake ya mizabibu

Mgeni yeyote wa kutoka nyumbani akija kunitembelea huku Cape Town, akishapanda Table Mountain na kupiga picha ufukweni, siku inayofuata huwa ni ya mashamba ya mvinyo. Huwa naongozana nao, na safari yenyewe naipenda kiasi kwamba sijaichoka. Lakini jioni tukirudi nabaki na uchungu uleule. Mtanzania analipa nauli ya ndege hadi ncha ya bara ili aonje mvinyo shambani, ilhali Dodoma ina mizabibu tangu miaka ya 1950 na hajawahi kuukaribia hata mti mmoja. Zabibu za Dodoma anazijua kupitia dirisha la basi, zikiwa kwenye beseni la mchuuzi, basi likiwa tayari linaondoka.

Huku siku ya mtalii imepangwa na mtu anayejua kazi yake. Asubuhi gari linakufuata hadi mlangoni, mara nyingi Quantum ya watu kumi na kidogo. Dereva ndiye mwongozaji, na ana beji kifuani, kwa sababu sheria ya Afrika Kusini inamtaka kila anayeongoza watalii kwa malipo awe amesajiliwa. Kabla hamjatoka mjini ameshajua nani anatoka wapi, nani hali nyama, nani hatumii kileo. Yeye mwenyewe haonji hata tone. Mnashika barabara ya N1 kuelekea Paarl, na kuanzia hapo huna la kuwaza: saa ya kula ipo, mlango wa kila shamba uko wazi, choo kipo, na mtu anakusubiri kwa jina.

Kituo kinachowagusa zaidi wageni wangu hakina mvinyo. Ni lango la gereza nje ya Paarl, lililokuwa likiitwa Victor Verster. Hapo Mandela alitoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990, mkono wake ndani ya mkono wa Winnie, baada ya miaka 27 kifungoni. Sanamu yake ya shaba imesimama pale, ngumi juu. Abiria wengine hupiga picha na kurudi kwenye gari. Sisi hukawia, na huwa nawaambia walio karibu jambo ambalo sijasikia mwongozaji yeyote akilisema: kwamba vijana wa ANC, chama cha Mandela, walikuwa na kambi Kongwa, mkoani Dodoma, tangu 1964, na kwamba Morogoro, pale Mazimbu, nchi yetu iliwapa ardhi wakajenga shule ya watoto waliokimbia ubaguzi. Mandela mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka 1962 akaonana na Mwalimu Nyerere. Watu hunisikiliza kwa mshangao. Mzungu mmoja aliniuliza kama Kongwa kunatembeleka, na kama kuna gari la kwenda. Nilimwambia njia ipo, ila mtu wa kumpeleka itabidi amtafute mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo mizabibu inaanza, mistari iliyonyooka hadi kwenye miguu ya milima. Franschhoek ni bonde la Wahuguenoti, Waprotestanti wa Ufaransa waliofika mwaka 1688 wakikimbia mateso ya dini, na siku hizi kuna hata tramu ya kuzungusha watu shamba hadi shamba. Mezani unawekewa glasi kadhaa, kila moja na mvinyo kidogo tu, usiofika hata nusu. Mhudumu anakuonyesha ushike glasi kwa shingo, usiishike tumboni, kwa sababu joto la kiganja linabadilisha mvinyo mweupe. Unazungusha, unanusa, ndipo unaonja. Kando kuna chombo cha kutemea kwa asiyetaka kumeza. Karibu kila mara wanaanza na Chenin Blanc, zabibu ambayo Afrika Kusini inailima kuliko nchi nyingine yoyote.

Sasa, Chenin Blanc ndiyo hiyohiyo inayolimwa Hombolo na Makutupora, kwetu Dodoma. Niliwahi kulisema hilo mezani, mhudumu akadhani namtania.

Yapo pia ambayo siku hii iliyopangwa vizuri inayaruka, na mtu wa nyumbani akiwaza kuiga ayajue. Ukitoka Franschhoek kwenda Stellenbosch unapita kijiji cha Pniel. Kilianzishwa mwaka 1843 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Watu wao walikuwa wameletwa kwa meli kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia, na ndio waliopanda mizabibu hii, wakajenga na zile nyumba nyeupe ambazo kila mtalii anazipiga picha. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, lakini walilazimishwa kuwatumikia mabwana walewale miaka minne zaidi, hadi 1838. Magari yetu hupita Pniel bila kupunguza mwendo. Kwenye shamba moja tulilosimama kulikuwa na kengele kubwa imening'inia kati ya nguzo mbili nyeupe, na maharusi walikuwa wakipigiwa picha chini yake. Nikauliza ilikuwa ya nini. Nikajibiwa kwamba ni kengele ya zamani ya shamba. Ndiyo, na ilikuwa inawaita watumwa kazini kabla ya jua kuchomoza. Mtu aliyelipia kujua habari za mahali alistahili kuambiwa hilo.

Na habari ya malipo. Kwa vizazi na vizazi wafanyakazi wa mashamba haya walipewa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe tangu asubuhi. Utaratibu huo, walioufahamu kwa jina la dop, ulikuja kupigwa marufuku, lakini umeacha jeraha. Western Cape ni miongoni mwa sehemu ambako wamekutwa watoto wengi zaidi duniani wenye madhara ya pombe iliyonywewa na mama zao wakiwa wajawazito. Jioni, ukirudi mjini kwa barabara ya N2, unapita pembeni ya Khayelitsha, vibanda vya mabati hadi upeo wa macho. Ndani ya gari watu wengi huwa wamesinzia. Anayeishi huku kama mimi hawezi kusinzia hapo, kwa sababu anayeosha zile glasi analala upande huu.

Naipenda Stellenbosch hata hivyo, na sitaki mtu afikiri naibeza. Mji wa mwaka 1679, wa pili kwa ukongwe kati ya miji iliyoanzishwa na Wazungu huku baada ya Cape Town yenyewe, mialoni imefunika mitaa, chuo kikuu katikati. Mwaka 1925 mwalimu wa chuo hicho, Abraham Perold, alichanganya aina mbili za zabibu akapata Pinotage, zabibu ambayo leo ndiyo kitambulisho cha mvinyo wa nchi hii. Na tangu 1971 mashamba ya hapa yalikubaliana kufungua milango kwa wageni kwa njia moja iliyopangwa. Kila mwenye shamba angeweza kukaa na chupa zake akasubiri mnunuzi wa jumla. Wakachagua kumleta mnywaji hadi shambani, na mnywaji akija anakula, analala, ananunua na ya kupeleka nyumbani.

Hilo la 1971 ndilo ninaloliota kwa Dodoma, tena Dodoma ina jambo ambalo Cape haina. Huku ardhi ya mizabibu iko kwa wachache, na imekuwa hivyo tangu wakoloni. Kwetu sehemu kubwa ya zabibu inalimwa na wakulima wadogo, ekari moja, mbili, tatu, na shamba ni la mwenye jembe. Na zaidi ya hapo, mzabibu wa Cape unapukutika majani majira ya baridi ukalala miezi kadhaa, unavunwa mara moja tu kwa mwaka. Wa Dodoma haulali. Mkulima ndiye anayeupangia, akiupogoa unachipua upya, na kwa mwaka anavuna mara mbili. Kwa mtu wa utalii hiyo ni misimu miwili ya wageni badala ya mmoja.

Lakini muulize mkulima wa Hombolo anapata nini. Nilipokuwa likizo nilikaa na mzee mmoja chini ya mbuyu, tukapeana "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akanitembeza shambani kwake. Alinionyesha vikonyo vilivyoanza kukauka, zabibu zimeiva kupita kiasi, nyingine zimepasuka na nyuki wamezijaa. Mnunuzi alikuwa hajaja. "Mwanangu," akaniambia, "zabibu haimsubiri mtu. Yeye akichelewa, bei anaipanga yeye." Hana tangi la kukamulia, hana pa kuhifadhi, kwa hiyo anakubali anachopewa. Mimi nikamuuliza kama amewahi kupata mgeni aliyekuja kutazama tu, akalipa, akanunua kilo mbili na chupa moja. Akafikiri kidogo. Wanafunzi wa chuo waliwahi kuja, akasema, wakaandika, wakaondoka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuanze na hoteli kubwa na mwekezaji. Wawekezaji waje, lakini tukianza nao peke yao tutajenga Cape nyingine, mgeni atamwona mkulima kwa mbali kupitia kioo cha gari. Tuanze na gari na mtu anayejua kusimulia. Kosta moja inatosha. Chama cha ushirika cha wakulima kinaweza kukubaliana mashamba matatu yanapokea wageni wiki hii, mengine wiki ijayo, na kila mgeni alipe kiingilio kinachobaki kwa mwenye shamba siku hiyohiyo. Mgeni ashike mkasi, akate kichala chake mwenyewe, aelezwe kwa nini tawi hili linaachwa na lile linaondolewa. Huku Cape hawakuruhusu kuugusa mzabibu!

Na vituo vya kati vipo vingi kuliko tunavyojihesabia. Kongwa nimeshaitaja, na pale pale ndipo Waingereza walipokuja mwaka 1947 na matrekta ya mradi wa karanga, wakashindwa na ukame na ugumu wa ardhi, mradi ukafa 1951. Hiyo pekee ni masimulizi ya saa nzima. Kaskazini, kwa barabara ya lami ya kwenda Babati, kuna michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ukifika Kolo unajiandikisha kwenye ofisi ya mambo ya kale, unapewa mtu wa kukupandisha mlimani, na unakutana na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, nywele zao kama uyoga, waliochorwa na watu waliotutangulia sana hapo. Kwenye mwamba uitwao Mungomi wa Kolo bado watu hufanya tambiko, kwa hiyo mgeni anafika mahali panapoishi. Kondoa iwe siku yake, isibanwe pamoja na mizabibu, maana ni zaidi ya kilomita 150 kutoka jijini na kupanda kule kunataka pumzi. Mchana wa siku ya mizabibu uwe na Wagogo wenyewe, zeze, ilimba (kinanda kidogo cha vidole) na ngoma ya muheme ya akina mama. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose alizunguka dunia na muziki huo hadi alipofariki mwaka 2003, na mtu wa Dar es Salaam hajui aende wapi kuusikia ukipigwa nyumbani kwao.

Usafiri haukuwa rafiki zamani, siku hizi ni rafiki. Treni ya umeme ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na kutoka Dar es Salaam ile ya haraka ni chini ya saa nne. Kwa safari ya mvinyo hilo lina uzito wake, kwa sababu hakuna anayelazimika kuendesha akirudi.

Najua watauliza: na sisi tusiokunywa? Safari ya mwisho niliyokwenda nilikaa na dada mmoja wa Kiislamu. Kila meza aliletewa juisi ya zabibu kwenye glasi ileile, akaelezwa kila kitu kwa heshima ileile, na alifurahi kuliko wote. Dodoma hilo ni rahisi zaidi. Juisi ipo, zabibu mbichi zipo, za kukaushwa zinaweza kuwepo, ubuyu upo, na nyama choma ya mnadani haihitaji kusifiwa na mimi.

Kwa wenye magari na wenye maneno mazuri mliopo Dodoma: mavuno yako kuanzia mwezi wa nane, halafu tena kuanzia mwezi wa pili. Likizo ijayo naipanga iangukie mwezi wa nane, na nitakuja na ndugu zangu wa Dar ambao huwa nawatembeza huku. Atakayeweka bei, namba ya simu na saa ya kutuchukua stesheni, tutakuwa wateja wake.