Kiti cha pweza mwembamba kwenye tanki la sebuleni: Dar panamfaa kweli?

Wanaofuga samaki wa maji chumvi hapa Dar wana hoja moja wanaipenda sana: hawa viti vya pweza wembamba (brittle star kwa Kiingereza), wale wenye mikono mirefu inayojinyonganyonga kama nyoka, hawana shida kabisa, maana maji yakitoka wapo kibao kwenye vidimbwi vya miambani, jua la saa saba linawapiga na hawafi, sasa watafia vipi sebuleni kivulini? Hoja tamu, na nusu yake ni kweli.

Ophiocoma scolopendrina, anayeonekana sana kwenye miamba ya pwani yetu, ni mgumu kweli. Anajibana kwenye ufa, maji yakianza kujaa anatoa mikono na kufagia ule utando wa juu wenye chakula. Kwenye tanki hawa jamaa wanapendwa kwa kazi hiyo hiyo ya usafi, mabaki yaliyoingia chini ya mawe ambayo yangeoza na kuleta amonia wanayafuata usiku na kuyamaliza. Mkono ukikatika unaota tena taratibu. Na kwa wapenda vituko, hana njia ya haja, kinachoingia mdomoni mabaki yake yanatokea huko huko.

Ila kile kidimbwi hakikai na maji yale yale bana. Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo joto analivumilia saa chache tu, maji mapya yanaingia, maisha yanaendelea. Tanki halina kujaa na kupwa. Maji yanapungua kwa mvuke, chumvi inabaki, mtu akiona yameshuka anajazia maji ya bahari, chumvi inazidi kupanda na kipimo hana, wakati alitakiwa kujazia maji yasiyo na chumvi yaliyotolewa klorini ili ibaki kwenye gramu 35 hivi kwa lita. Mnyama huyu hana uwezo wa kuirekebisha chumvi mwilini kama samaki anavyofanya, mabadiliko ya ghafla yanammaliza, ndo maana hata siku ya kumleta unamwingizia maji ya tanki tone kwa tone, saa mbili au zaidi.

Halafu kuna umeme, na mi naona kesi yote iko hapa. Ukikatika, pampu inasimama, feni inasimama, na Februari chumba kinapanda joto haraka, maji ya moto nayo yanabeba oksijeni kidogo. Yeye anahema kwa kuvuta maji kupitia vijitundu vya pembeni mwa mizizi ya mikono, kwa hiyo maji yakituama na kukosa hewa anaumia mapema. Kama mikono inaanza kudondoka yenyewe, acha kujifariji kwamba itaota, pima maji. Pampu ndogo ya hewa ya betri sio bei ya kutisha, asiye nayo hajajiandaa.

Mengine niyapitie haraka. Dawa ya madoa meupe ya samaki yenye shaba inamuua. Yule wa kijani, Ophiarachna incrassata, usimweke na samaki wadogo, ananyanyuka juu ya mikono yake kama kibanda, samaki akiingia kujificha anamfunika na kumla. Na mchana humwoni, utaona ncha za mikono tu, kama unataka pambo la kuonyesha wageni umekosea mnyama.

Kuhusu kwenda kumwokota mwenyewe, visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, hapo hakuna mjadala. Nje ya hifadhi pia kugeuza mawe na kuyaacha yametazama juu kunaua viumbe vilivyokuwa chini yake.

Kwa hiyo mwenye tanki kubwa lililokaa miezi kadhaa, maji yametulia, kipimo cha chumvi na umeme wa akiba vipo, mi simkatazi hata kidogo, atafaidi msafishaji mzuri. Mwenye kitanki cha lita 40 alichokianzisha juzi, aanze na konokono.