Fundi wa taa alipwe kuliko Mkwawa?

"Kaka, mimi ndiye ninayekufa kila usiku. Yeye anabonyeza swichi tu."

Aliyeniambia hivyo ni kijana aliyeigiza Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, katika kundi moja la maigizo la hapa Iringa, siku alipochungulia daftari la malipo ambalo nililishika mimi. Alikuwa kwenye mazoezi miezi miwili na nusu, jioni tatu kwa wiki, nauli ya bajaji akijilipia mwenyewe. Fundi wa taa na sauti angefika Ijumaa na kuondoka Jumapili, na posho yake ilikuwa mara mbili ya ile ya Mkwawa. Tangu hapo nimeyasikia manung'uniko hayohayo Njombe na Mbeya, na anayesemwa vibaya ni fundi karibu kila mara. Naona anaonewa, ingawa si kwa kila jambo.

Hoja ya waigizaji ina uzito wake. Sanaa yetu ya maonyesho haikuzaliwa na nyaya. Majigambo na ngonjera havikuhitaji soketi, na maigizo ya uhamasishaji ambayo waandishi wa tamthilia kina Penina Muhando na Amandina Lihamba walifanya na wanavijiji miaka ya 1980 yalichezwa mchana, uwanjani, jua ndiyo taa. Mwigizaji akiwa na mwili na sauti yake, onyesho lipo. Fundi akiwa peke yake na spika zake, hapo kuna disko. Tena fundi akiugua Ijumaa asubuhi, mwingine atapatikana kwa simu. Mkwawa akiugua, watazamaji warudishiwe hela zao.

Lakini hatuchezi tena chini ya mti. Tunakata tiketi, usiku, ndani ya ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mikutano na sherehe za harusi, na hapa ndipo watu wanaposahau kupiga hesabu. Taa moja ya jukwaani ya zamani, ile ya halojeni, hula wati 1,000. Soketi ya kawaida ukutani ni ya ampea 13, na kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Yaani taa tatu, basi. Onyesho la kawaida tu linataka taa 12, ambazo ni wati 12,000, zaidi ya ampea 52. Ukizigawa kwenye soketi nne za ukumbi, mara nyingi soketi hizo zote zinatoka kwenye breka moja, na hapohapo umechomeka spika, mixa na birika la chai la wahudumu. Breka itakata Mkwawa akiwa katikati ya sentensi. Isipokata, omba Mungu waya usiwe umeshaanza kunuka. Kwa hiyo kabla hajabonyeza hiyo swichi, fundi ameshafungua boksi la umeme la ukumbi asioujua, amefuatilia waya upi unatoka wapi, ameamua kama ataomba jenereta, na amebeba jibu la swali ambalo hakuna mwigizaji anayeulizwa: pakishika moto, nani alaumiwe?

Utaniambia siku hizi kuna taa za LED. Ni kweli, na zimetuokoa. Moja hula wati 150 hadi 200, hivyo 12 zinatoshea kwenye soketi moja. Ila nyingi tunazokodi mjini ni za sendofu, zimetengenezwa kumpendeza bibi harusi, na mtu asiyezijua atamfanya Mtwa wa Wahehe awe zambarau kuanzia mgolole hadi kisigino. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Halafu kuna bei ya Jumamosi. Fundi anayekuja kwetu ameacha harusi au mkutano wa injili, na vifaa ni vyake, vikiharibika Makambako anatengeneza kwa hela yake. Karibu nusu ya posho ile ilikuwa kodi ya vyombo. Kosa langu kwenye daftari ni kuandika vyote kwenye mstari mmoja. Kumwagiza mtu na vyombo kutoka Dar es Salaam ni kilomita kama 500 na kupanda mlima Kitonga na lori, kisha zaidi ya 300 nyingine mkienda Mbeya. Sijaona bajeti ya kikundi cha huku ikilihimili hilo mara mbili.

Sheria nayo imempa kisogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji: onyesho likirekodiwa na kuuzwa, ana pa kusimamia, hata kama wachache wamewahi kufaidika. Fundi taa hatajwi. Alicholipwa Jumapili ndicho alichonacho.

Na kazi yenyewe? Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walikiangamiza kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Sisi tulikuwa na waigizaji 14. Jeshi lililobaki lilitoka kwenye spika mbili zilizowekwa nyuma ya watazamaji, na giza lililoingia polepole hadi hujui mikuki ni mingapi. Watu wa hapa, ambao fuvu lenyewe la Mkwawa liko kwao Kalenga tangu 1954 na wamelitazama wakiwa watoto wa shule, waligeuka kuangalia nyuma. Mavazi hayakuwafanya wageuke.

Sasa pale ambapo waigizaji wako sahihi kabisa. Msimu wa kwanza tulimbana fundi mwingine kwa bei, akafika saa moja kabla ya pazia, hajawahi kusoma mchezo. Mkwawa alijiua kwa risasi mwaka 1898. Wetu alijilenga, akaanguka, kimya. Sekunde tatu baadaye bunduki ikalia kwenye spika. Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivaa kofia yake akatoka, na nadhani alikuwa na haki. Aliyekufa ameshajifunza kufa kwa wiki kumi. Aliyeshika mlio wa bunduki alikuwa anauona mchezo kwa mara ya kwanza pamoja na watazamaji. Hasira ya kijana wangu ilianzia hapo, si kwenye hela peke yake.

Ila angalia dawa inayotoka humo. Ukitaka fundi ahudhurie mazoezi, umlipe siku za mazoezi, na pengo kwenye daftari litapanuka badala ya kuziba. Mwongozaji alilisema hilo mbele ya kundi zima, akasoma malipo kwa sauti, kodi ya vyombo mstari wake na jasho la mtu mstari wake. Jasho la fundi likaonekana kuzidi la Mkwawa kwa kidogo tu. Waigizaji walipata nauli ya bajaji, iliyokatwa kwenye mapambo ya jukwaa, na fundi akaongezewa jioni nne.

Risasi sasa inalia kwa wakati. Kwenye bango la safari ya Mbeya jina la fundi limo pia, chini kabisa, chini ya jina la muuza vinywaji.