Bwawa la udongo linapozeeka: maji yashushwe au yaachwe?

Hakuna bwawa la udongo lisilovuja. Habari hiyo huwashtua wanaoishi chini ya tuta, lakini ndivyo mambo yalivyo: udongo wa mfinyanzi hupunguza kasi ya maji, hauyazuii kabisa. Kwa hiyo tuta likichoka, ubishi wenye maana si wa kuvuja au kutovuja. Ni wa maji yaliyo nyuma yake: yafanywe nini wakati matengenezo yanasubiri fedha? Wahandisi kwa kawaida hutaka yashushwe, watumiaji hutaka yaachwe. Mimi niko upande wa kushusha, ila kwa masharti ambayo wenzangu wa upande huo hawapendi kuyataja.

Anayekagua tuta huanzia chini, upande usio na maji, anakotafuta majani yaliyostawi kuliko mengine, udongo laini unaodidimia, na vijito vidogo. Akikuta kijito hukinga maji kwenye chupa inayoonyesha ndani, huyaacha yatulie, kisha hutazama kitako. Maji yakibaki safi, hupima kiasi kinachotoka na kulinganisha na vipimo vya nyuma. Yakiacha tope, maana yake chembe za tuta zinasafirishwa nje, na tundu linajichimba kutoka nje kuelekea ndani hadi likutane na bwawa. Mashimo ya wanyama na mizizi iliyooza hulifupishia njia. Kiwango cha maji kikishuka, msukumo unaoyapenyeza nao hupungua. Hiyo ndiyo hoja kuu ya kushusha, na ni fizikia tu.

Bwawa la Teton, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, lilionyesha jinsi muda unavyoweza kuwa mfupi. Tarehe 5 Juni 1976, likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza, maji ya matope yalionekana asubuhi, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa. Kinachonikera zaidi katika mkasa ule ni kwamba njia kuu ya kutolea maji ilikuwa bado haijakamilika. Hata aliyetaka kushusha maji hakuwa na pa kutosha pa kuyapitishia.

Upande wa pili nao hauna hoja za kubeza. Kwanza, kushusha maji haraka ni hatari yenyewe. Maji ya bwawa huegemea uso wa ndani wa tuta na kuushikilia. Yakiondoka ghafla, yale yaliyolowesha udongo hubaki ndani, mazito, bila kitu cha kuyakabili. Mwaka 1981, baada ya bwawa la San Luis huko California kushushwa kwa kasi isiyo ya kawaida, sehemu ya uso wa ndani wa tuta iliporomoka. Tuta halikukatika, lakini fundisho lilibaki. Pili, mfinyanzi uliozoea unyevu ukikaukiwa muda mrefu hupasuka, na nyufa hizo ndizo maji yatakazopitia siku bwawa litakapojaa tena. Tatu, wapo wanaomwagilia, wanaovua na wanaokunywa.

Mgogoro wa Edenville, Michigan, uliyakutanisha yote hayo. Bwawa hilo la miaka ya 1920 lilikuwa na utoro, yaani njia ya kumwagia maji ya ziada, mwembamba mno kwa mafuriko makubwa, na mwaka 2018 serikali kuu ya Marekani ilifuta leseni yake ya umeme kwa sababu hiyo. Usimamizi ukaangukia jimbo. Mwenye bwawa alishusha ziwa mara mbili, akisema ni kwa usalama; mwishoni mwa Aprili 2020 jimbo likamshitaki kwamba alishusha bila kibali na kuua kome wa maji baridi kwa wingi. Wiki tatu hazikuisha, tarehe 19 Mei mvua kubwa ikalijaza ziwa na tuta likaporomoka. Watu wapatao 10,000 walihamishwa, na hakuna aliyekufa.

Wanaotetea kushusha hulitaja Edenville kama ushahidi wao. Naona wana haraka. Ziwa dogo lililoshushwa kidogo hujaa upya ndani ya saa chache mafuriko makubwa yakija, na utoro ukiwa mwembamba maji yatapanda vilevile. Isitoshe, maji hayakupita juu ya tuta. Uchunguzi uliokamilika 2022 ulisema mchanga usioshindiliwa vizuri, uliokuwa ndani ya tuta tangu lijengwe, ulipoteza nguvu ghafla. Miaka yote ile watu walibishana juu ya kiwango cha ziwa, huku udhaifu mwingine ukiwa tumboni mwa tuta lenyewe.

Bado nasema maji yashushwe. Toddbrook, Uingereza, Agosti 2019, utoro uliharibika na watu wapatao 1,500 wakaondolewa. Pampu zikalishusha bwawa huku helikopta ikidondosha magunia ya mawe pale palipobomoka, na tuta likasimama. Lakini kushusha ni kununua muda, na muda ulionunuliwa bila tarehe ya matengenezo huliwa bure. Nimeshaona agizo la "kwa muda" likigeuka hali ya kudumu, mwenye bwawa akiridhika kwamba hatari imepungua na mkulima akibaki na mfereji mkavu. Kwa hiyo agizo la kushusha liandikwe pamoja na kasi inayoruhusiwa kwa siku, tarehe ya kazi kuanza, na jina la atakayelipa. Na vali ya chini, ile ya kutolea maji ya bwawa, ifunguliwe walau mara moja kwa mwaka mbele ya mkaguzi, maana vali iliyokaa miaka bila kuguswa huweza kuganda kwa kutu na mashapo.

Mjadala wote huu, lakini, ni wa mabwawa yanayokaguliwa. Lile la shamba binafsi huko Solai, Kenya, lililopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40, halikuwapa wakazi wa chini hata nafasi ya kubishana kama maji yashushwe. Yapo mengine mengi ya namna hiyo, na kuyaorodhesha ni kazi inayotangulia vali na pampu.