Mwenye nacho huongezewa: kanuni ya kukua kwa mitandao na mahali inapokwama

Mwaka 1999, Albert-László Barabási na Réka Albert walitoa katika jarida la Science modeli ya hisabati yenye masharti mawili tu: mtandao hukua kwa kupokea nukta mpya (tuseme ukurasa wa wavuti au makala) moja baada ya nyingine, na kila mgeni hupendelea kujiunga na nukta ambazo tayari zina viungo vingi. Hakuna msimamizi wala ramani. Kabla yao, tangu kazi za wanahisabati Paul Erdős na Alfréd Rényi miaka 40 nyuma, mtandao wa nasibu ulidhaniwa kuwa ni ule ambao kila jozi ya nukta ina nafasi sawa ya kuunganishwa. Katika mtandao wa aina hiyo hakuna vigogo, yaani nukta zenye viungo vingi kupita zote. Kwenye wavuti wamejaa.

Nguvu ya modeli hii utaiona ukiihesabu. Tuseme kila nukta inaingia na viungo viwili. Mtandao ukifikisha nukta 10,000, ile iliyoingia ya 100 hutarajiwa kuwa na viungo kama 20. Iliyoingia ya 2,500 ina vinne. Kilichozitofautisha ni kuwahi, si ubora. Na hata zilizoingia pamoja hazilingani. Chukua kapu lenye ushanga mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Chomoa mmoja bila kuangalia, urudishe pamoja na mwingine wa rangi hiyohiyo, kisha rudia mara elfu. Uwiano utatulia, lakini popote pale: kapu lako linaweza kuishia na nyekundu tisa kwa kumi, la jirani mbili kwa kumi. Shanga chache za mwanzo ndizo zilizoamua.

Kwangu hili ni jambo zito, kwa sababu tunawasifu walioko juu kana kwamba wasingeweza kuwa wengine. Mwaka 2006, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts waliwapa watu zaidi ya 14,000 nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakiwa wamegawanywa katika makundi yasiyoonana. Walioona wenzao wamepakua nini walizidi kurundikana kwenye nyimbo chache, na uliovuma kundi moja ungeweza kudorora kwingine. Ubora haukupotea kabisa: nyimbo nzuri kweli zilishika mkia kwa nadra. Zile za katikati ndizo zilizopelekwa na upepo.

Upande wa pili una hoja zake. Mwaka 2019, Anna Broido na Aaron Clauset walipima karibu mitandao 1,000 na kukuta ni asilimia 4 tu yenye ushahidi wa nguvu kabisa wa mgawanyo wa viungo unaodaiwa na modeli, yaani nukta chache zenye viungo vingi mno na nyingi zenye vichache. Watetezi walijibu kuwa kipimo kilikuwa kikali mno kwa data halisi, na sioni kama ubishi huo wa takwimu utaisha karibuni.

Pingamizi linalonishawishi zaidi ni la Walter Willinger, David Alderson na John Doyle: mgawanyo uleule unaweza kuzaliwa na visababishi tofauti kabisa. Kuweka kiungo kwenye ukurasa wa wavuti hakugharimu kitu. Ruta, kifaa kinachoelekeza data kwenye intaneti, ina milango ya kuunganishia yenye kikomo, na ile inayobeba data nyingi sana kwa kila mlango huwa na milango michache. Kwa hiyo katikati ya intaneti ya vifaa kuna ruta zenye viungo vichache vya kasi kubwa. Zenye viungo vingi ziko pembezoni, kwa wateja. Wanaodai kwamba intaneti itaanguka ukiziondoa nukta zenye viungo vingi wanaitafuta hatari mahali pasipo.

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Hapakuanguka nukta yoyote maarufu. Zilikatika njia mbili zinazofuata pwani ileile. Modeli ya Barabási haina pwani, haina kina cha bahari, haina bajeti. Naiamini kwa nukuu za makala za kisayansi, kurasa za wavuti na nyimbo, ambako mgeni huchagua kwa kuwatazama waliotangulia. Kwa mikongo, swali la kwanza kwa wanaoipanga ni kila mmoja unapita wapi, na ni mingapi inayopita hapohapo.