Kazi za muda Ujerumani hazilipi kila kitu jamani

Mwandishi wa makala ya kusoma Ujerumani, umeandika vizuri ila hapo uliposema mwanafunzi akishafika Ujerumani kazi za muda zitamlipia maisha yote naomba nipinge, maana kuna wazazi huko nyumbani wanauza shamba kwa kuamini hivyo. Sawa vyuo vingi vya serikali havina ada, lakini ili upate viza unaweka kwanza euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa halafu unaachiwa 992 tu kila mwezi, hiyo hiyo ndo ya kula, kulala na nauli. Toa bima ya afya, toa kodi ya chumba, mji kama München chumba peke yake kinaweza kumeza zaidi ya nusu, na bado kuna ile ada ya euro 18.36 kwa mwezi ya redio na tivii kila nyumba inalipa hata kama hamna tivii ndani (mkikaa wengi mnachangia moja, afadhali).

Kazi zipo sikatai, ila sheria inakupa siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, basi. Mimi nimepiga kazi ghalani usiku, unaskani vifurushi mpaka vidole vinaganda, saa kumi na mbili asubuhi unakimbilia treni na saa mbili una kipindi cha maabara, nani anaelewa kitu hapo? Mnaokuja someni Kijerumani kwanza, wanaokijua ndo wanapata vikazi vya humo humo chuoni. Na wazazi tafadhalini, mwaka wa kwanza msimdai mtoto hela ya kutuma nyumbani.