Diski Ikijaa, Usikimbilie rm

Orodha za "amri 50 ambazo kila msimamizi wa mifumo lazima azijue" zimejaa tele mtandaoni. Nyingi ni sahihi, ila zinakufundisha kufuta mafaili na kuua programu kabla hazijakufundisha kutazama. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yanapogeuzwa kichwa chini miguu juu. Amri ya kutazama unaweza kuikosea mara kumi na seva isiwe na habari. Ya kufuta ukiikosea mara moja, utakesha ukitafuta chelezo (nakala ya akiba), kama ipo.

Chukua diski iliyojaa. Programu zinalalamika "No space left on device", simu zinaanza kulia. Mtu anakimbilia /var/log, mahali zinapokaa logi (kumbukumbu za matukio ya programu), anaona moja nene, anaipiga rm, amri ya kufuta. Kisha anaendesha df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski: nafasi haijaongezeka hata chembe! Anaendesha du, inayojumlisha ukubwa wa mafaili, nayo inamwambia kwamba mafaili yote yakijumlishwa hayafiki hata nusu ya diski.

Amri zote mbili zinasema kweli. Kwenye Linux, rm huondoa jina la faili kwenye saraka (folda), basi. Ikiwa kuna programu ambayo bado imelifungua, keneli (kiini cha mfumo) haiachilii nafasi yake mpaka programu hiyo ilifunge. Sasa du huhesabu kwa kupita majina, na jina limeshatoweka. Df huuliza mfumo wa faili wenyewe, ambao unajua nafasi bado imekaliwa. Endesha:

sudo lsof +L1

Utaona mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa, pamoja na namba ya mchakato unaoyashikilia. Washa upya huduma husika, nafasi itarudi papo hapo. Na kama hujafuta bado, na huna haja na yaliyomo kwenye logi hiyo, truncate -s 0 huipunguza hadi sifuri na jina likabaki pale pale. Huduma inayoandika kwa kuongezea mwishoni itaendelea na kazi bila kuzimwa.

Kumtafuta mlaji wa nafasi, mimi hutumia hii kuliko programu yoyote yenye rangi na michoro:

sudo du -xh --max-depth=1 /var | sort -h

Herufi x huizuia du isivuke kwenda kwenye mifumo mingine ya faili iliyopachikwa humo, na sort -h inaelewa kwamba 2G ni kubwa kuliko 900M. Mstari wa mwisho kabisa ni jumla ya /var yenyewe; saraka nzito kuliko zote ndani yake iko mstari mmoja juu yake. Ingia ndani yake, rudia.

Mara nyingine df -h inaonyesha nafasi ipo, lakini ujumbe ni ule ule. Jaribu df -i. Kila faili hula inodi moja (rekodi inayotunza taarifa zake), hata liwe tupu, na kwenye ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, idadi ya inodi hupangwa siku mfumo wa faili unapoundwa. Programu inayozalisha vifaili vidogo vidogo bila kuvisafisha itazimaliza zote huku diski ina nafasi ya kutosha. Kumbuka pia kwamba ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo), kwa hiyo hesabu za df zisipokutana usishtuke.

Ukifika hatua ya kufuta, find, amri ya kutafuta mafaili, ni nzuri lakini ni kali. Inasoma masharti kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo find . -delete -name '*.log' hufuta kila kitu kabla hata haijauliza jina. Anza na -print mwishoni, soma orodha yote, ndipo ubadilishe neno hilo moja liwe -delete.

Kuhusu kill -9, amri ya kuua programu kwa nguvu, sina mengi. Kill bila namba hutuma ishara ya 15, ambayo programu inaweza kuisikia na kufunga mafaili yake vizuri. 9 haiipi programu nafasi hiyo. Hifadhidata iliyokuwa katikati ya kuandika haitakushukuru.