Mashine Yenye Akili na Moyo Wangu

Mimi ni mtu wa Kadutu, hapa Bukavu, Kongo. Kwa mtu wa Kadutu, kwenda mjini ni kuteremka, kurudi nyumbani ni kupanda, na anayelipa yote mawili ni magoti. Bukavu nzima iko hivyo. Ukiona mahali tambarare, ujue ni ziwa. Sasa niambieni, mtu wa mji kama huu anakwendaje kulipa pesa ili apande kilima cha umeme?

Daktari ndiye aliyeanza. Alinifunga mpira wake mkononi, akapuliza, akatikisa kichwa, akasema presha iko juu, nifanye mazoezi. Nikamwambia, Dokta, mimi napanda Kadutu kila jioni. Akasema kupanda huku umekasirika hakuhesabiki, nitafute mazoezi ya kipimo. Mke wangu aliposikia neno mazoezi akanisogezea bidoni za maji. Ndiyo maana nikakimbilia kwenye sale ya michezo, yaani ukumbi wa mazoezi, kule chini Ibanda.

Pale wanapokea dola, na si kila dola. Yangu ilikuwa na mpasuko pembeni ambao sikuwahi kuuona mpaka yule binti wa mapokezi alipoinua noti kwenye mwanga. Ametazama noti ile kwa makini kuliko daktari alivyonitazama mimi. Akanirudishia. Nikazunguka nje kutafuta mtu wa kunibadilishia, naye akakata chake. Kufika hapo moyo ulikuwa umeshafanya mazoezi ya kutosha, lakini hakuna aliyeupima.

Kochi ni kijana anayeweza kuwa kitinda mimba wangu. Akanipeleka kwenye tapi, ile mashine ya kukimbilia hapo hapo ulipo, inayoweza kuinuka mbele kama kilima. "Papa, tapi hii iko na akili. Utavaa mukanda hii ku kifua, inasikia moyo yako. Moyo ikipiga kidogo, inapandisha kilima. Ikipiga sana, inashusha."

Mkanda wenyewe lazima ulowanishwe maji kwanza, kwa sababu unasikiliza umeme mdogo wa moyo, na ngozi kavu haiupitishi vizuri. Nilifurahi kujua kwamba kifuani mwangu kuna umeme usiokatika. Vipo pia vishikio vya chuma vya kupimia viganjani, lakini kochi anasema ukishaanza kukimbia vile vinasema uongo.

"Papa, uko na miaka ngapi?"

Nikamuuliza, ya wapi? Kwenye kadi ya mchaguzi nina 52. Marehemu mama alikuwa na hesabu yake, na parokiani kuna nyingine. Akasema anataka moja tu, maana mashine inachukua 220, inatoa umri, na kinachobaki ndicho kilele cha moyo. Kwa kadi yangu kilele ni 168. Asilimia 70 ya hapo ni kama mapigo 118 kwa dakika, na hapo ndipo itanishikilia. Mimi nikapiga hesabu yangu upesi. Mtu wa miaka 60 kilele chake ni 160, na asilimia 70 yake ni 112 tu. Nikamwambia, mwanangu, andika 60, tumheshimu marehemu mama. Akanitazama, akaandika 52.

Shemeji yangu mwalimu, ambaye hakuna jambo asilolibishia, anasema hiyo 220 ni ya wastani tu, moyo wa mtu unaweza kuizidi au kupungukiwa kwa mapigo kumi na zaidi. Anasema mwaka 2001 walitokea wataalamu wengine na hesabu yao: 208, toa asilimia 70 ya umri. Nimeipiga, inanipa karibu 172. Elimu yote hiyo, na mimi nimepata mapigo manne. Ni huyo huyo shemeji aliyeniambia kwamba babu wa tapi ni gurudumu la ngazi la Mwingereza mmoja, William Cubitt, aliyelibuni mwaka 1818 kwa ajili ya wafungwa. Walipanda kutwa wasifike popote, mpaka sheria ya 1898 ikaanza kuliondoa magerezani. Mimi ninachojua, wale wafungwa hawakuulizwa dola isiyochanika.

Haya, nikapanda. Tatizo la kwanza ni kwamba moyo ni mfanyakazi wa serikali: ukimwita leo, anafika baadaye. Kilima kinainuka, moyo bado uko 95. Mashine inaona 95, inaongeza kilima. Ndipo moyo unashtuka na kuruka mpaka 130, mashine nayo inashtuka, inashusha. Inachukua dakika kadhaa wawili hao wazoeane, na wakati huo wote anayehema ni mimi.

Walau kwangu mimi, moyo na mashine hatimaye wanasikilizana. Kuna mzee mmoja anameza vidonge vya presha vya aina ile inayoushika moyo usiende mbio. Mashine ilimsubiri afike mapigo yake, hayafiki. Ikainua, ikainua, mzee anaelekea mbinguni na moyo bado uko 96. Kochi akaizima. Siku hizi mzee anapimwa kwa maongezi: akiweza kuongea aendelee, akishindwa apunguze. Sasa ananyamaza lini? Ametusimulia habari za Bukavu tangu enzi za Wabelgiji.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimetulia vizuri, 118, kochi ananisifu, ndipo akaingia mwenye nyumba wangu. Tarehe ya kodi naijua. Yeye anaijua zaidi. Nafasi zote zile, akachagua tapi ya kando yangu.

"Papa, kumbe tuko wote?"

118 ikawa 126. Ikawa 139. Kilima kikalala chini kabisa, nami nikawa natembea tambarare mara ya kwanza katika maisha yangu ya Bukavu.

"Papa, umechoka?" kochi akauliza. Nikasema hapana. "Basi ni joto. Mwili ikipata joto, moyo inapanda hata kama mwendo haibadiliki." Nikakubali kabisa kwamba ni joto, maana mwenye nyumba alikuwa anasikiliza. Nikachungulia kioo chake: 92, kilima kinapanda. Moyo wa mtu anayedai ni mzito kuwaka.

Hapo ndipo akili ya mashine ilipoishia. Haijui mlima, haijui deni, haijui minervali, ile ada ya shule, ya watoto watatu. Yote inayaita mazoezi, na yote inayatibu kwa kunishushia kilima. Jioni napanda Kadutu na minervali ile ile kichwani, hakuna anayenishushia hata jiwe.

Nikaamua kumaliza dakika zangu macho mbele, niteremke, nipotee. Umeme ukakatika. Tapi zikasimama, redio ikanyamaza, feni ikanyamaza, hata mzee akanyamaza. Mwenye nyumba akajifuta jasho, ambalo hakuwa nalo, akaniegemea.

"Vizuri. Sasa tunaweza kuongea."

Tuliongea. Yeye ndiye aliyeongea. Jenereta ilipowashwa, kioo changu kiliwaka na kuusoma mkanda kifuani kabla sijainua mguu: 151. Kikaanza kulia.

Kochi akaja mbio, akatazama kioo, akatazama miguu yangu iliyosimama.

"Papa," akasema, "lakini hatujaanza."